Joginder Singh: Fundi wa gereji aliyeshinda Safari kwa gari la mtumba

MKULIMA wa zabibu wa Hombolo au mfanyabiashara wa alizeti mwenye duka Ipagala anapoamua kulitunza gari lake la zamani badala ya kukopa fedha anunue jingine, anaingia katika hesabu kubwa kuliko ya petroli na spea. Anajiuliza kama gari lililochoka linaweza kurudishwa katika hali ya kuaminika, na ni fundi wa namna gani wa kulirudisha. Afrika Mashariki ilipata jibu la swali hilo hadharani wakati wa Pasaka ya mwaka 1965. Aliyelitoa alikuwa fundi wa gereji kutoka Nairobi, Joginder Singh.

Wazee waliokuwa vijana wakati huo bado wanalikumbuka jina hilo. Wengine walimwita Simba wa Kenya, na magazeti ya Kiingereza yakampa jina la Singasinga anayepaa. Alishinda mashindano ya magari ya Safari mara 3: mwaka 1965, 1974 na 1976. Jambo ambalo hutajwa mara chache ni kwamba magari aliyoshindia, Volvo ya mara ya kwanza na Mitsubishi Lancer za mara mbili zilizofuata, yote yalikuwa na injini ya silinda 4 inayolishwa na kabureta 2. Aliyewahi kumiliki gari la namna hiyo anajua maana yake. Kabureta zikipatana, gari linakuwa jepesi na lenye nguvu. Zikigombana, linakunywa petroli kama lori, linamisi kwenye mlima na kuzimika kila ukiondoa mguu kwenye mafuta.

Mtoto wa gereji

Joginder Singh alizaliwa Februari 9, 1932 mjini Kericho, katika nyanda za chai za magharibi mwa Kenya. Baba yake, Battan Singh, alikuwa amehamia kutoka Punjab, na kama Singasinga wengi waliokuja Afrika Mashariki enzi hizo, aliishi kwa kazi ya mikono. Joginder alikuwa mtoto wa kwanza katika familia kubwa. Alipotoka shuleni alianzia ngazi ya chini kabisa ya ufundi, yaani spana boi: kuosha vyuma kwa petroli, kushika taa, kumpa fundi spana kabla hajaiomba mara ya pili. Baadaye alifanya kazi katika gereji ya baba yake Nairobi, na wadogo zake nao wakakulia humo humo.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 alipata kazi ya doria katika chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki. Kazi yake ilikuwa kuwaendea watu walioharibikiwa barabarani na kuwawezesha kuendelea na safari. Kwa maoni yangu, kazi hii ilimjenga kuliko nyingine yoyote. Fundi wa gereji ana muda, ana duka la spea jirani na anaweza kumwambia mteja arudi kesho. Fundi wa barabarani ana kisanduku kimoja cha vifaa na mteja aliyesimama juani na familia yake. Inambidi asikilize injini, ajue tatizo lilipo, na aache vingine vyote kama vilivyo. Anayefungua kila kitu ili kutafuta ugonjwa mmoja, usiku utamkuta hapo hapo.

Miaka hiyo hiyo ndipo alipoanza kushiriki Safari. Mashindano hayo yalianzishwa mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na kwa muda mrefu yaliunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalifanyika wakati wa Pasaka, msimu wa mvua, kwa maelfu ya kilomita za vumbi na tope. Msomaji anayeikumbuka barabara ya Dodoma kwenda Kondoa na Babati kabla lami yake haijazinduliwa mwaka 2018 anazijua barabara za namna hiyo bila kuelezwa. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, zaidi ya magari 80 yaliondoka mwanzoni na ni 7 tu yaliyofika mwisho. Katika mashindano ya aina hiyo kasi peke yake haikumfikisha mtu popote. Gari lilipaswa kwanza kufika.

Gari lililoachwa na wenyewe

Kiwanda cha Volvo cha Sweden kilileta magari yake katika Safari ya mwaka 1964, na hayakufua dafu. Moja kati ya hayo, Volvo PV544, lilibaki Nairobi na kununuliwa na Joginder. Lilikuwa gari la umbo la kizamani, lenye mgongo wa mviringo kama kobe, na mtindo wake ulikuwa unaelekea kuachwa kiwandani. Lilikuwa limeshapigwa na barabara mbaya na kutembea maili nyingi. Kwa lugha ya leo tungesema alinunua mtumba.

Alinunua nini hasa? Bodi nzito yenye chuma imara, na injini ya silinda 4 yenye ukubwa wa lita 1.8, iliyosifika kwa uvumilivu. Pembeni mwa injini hiyo zilikuwa kabureta 2 za SU, zilizotengenezwa Uingereza. Joginder na ndugu zake waliliandaa gari hilo wenyewe gerejini. Mdogo wake Jaswant ndiye aliyekaa naye garini kama msaidizi.

Hizo kabureta zinastahili maelezo, kwa sababu ndizo zinazowasumbua wenye magari ya namna hiyo hadi leo, iwe ni Volvo ya miaka hiyo, Datsun SSS au gari la Kiingereza alilorithi mtu kwa babu yake.

Kazi ya kabureta ni kuchanganya petroli na hewa. Kwa uzito, sehemu 1 ya petroli inahitaji karibu sehemu 15 za hewa. Injini yenye kabureta 1 huzigawia silinda zote 4 kutoka mlango mmoja, na silinda za mbali hupata kwa shida. Ukiweka kabureta 2, kila moja hulisha silinda 2 kwa njia fupi, na injini hupumua vizuri inapokimbia. Lakini sasa una milango 2, sindano 2 na skrubu mbili mbili za kurekebisha. Ni kama ng'ombe wawili wa plau waliofungwa nira moja. Mmoja akivuta na mwingine akisitasita, shamba halilimiki, na anayeumia ni yule anayevuta.

Kabureta ya SU ilibuniwa mwanzoni mwa karne ya 20 na George Herbert Skinner, Mwingereza wa ukoo uliojulikana kwa biashara ya viatu. Labda ndiyo sababu zile za mwanzo zilitumia mfuko wa ngozi unaopanda na kushuka kama mvukuto wa mhunzi. Baadaye ngozi ilibadilishwa kwa pistoni ya chuma. Hewa inapovutwa na injini, pistoni hupanda na kuinua sindano iliyochongoka kutoka katika tundu la petroli, ambalo mafundi huliita jeti. Hewa ikizidi, sindano inapanda zaidi na petroli inaongezeka. Vipande ni vichache, na kwa bisibisi na spana chache fundi anaweza kuifungua kando ya barabara.

Namna ya kuzipatanisha

Utaratibu wa kuzioanisha kabureta hizi haujabadilika tangu enzi za Joginder, na fundi yeyote makini wa Ipagala anaweza kuufuata. Kosa la kwanza ni kuanza na kabureta zenyewe. Tapeti zikiwa hazina nafasi sahihi, plagi zikiwa zimechoka, pointi zikiwa zimeungua au gasketi ikipitisha hewa mahali isipotakiwa, unaweza kuzungusha skrubu siku nzima na gari likabaki vile vile. Rekebisha hayo kwanza. Kisha washa injini mpaka ipate moto wake wa kawaida, ukiwa nje penye hewa, kwa sababu moshi wa gari unaua, na pasiwe na sigara karibu.

Zima injini, ondoa vichujio vya hewa, kisha inua pistoni ya kila kabureta kwa kidole na kuiachia. Inapaswa kushuka yenyewe mpaka chini na kugonga kwa mlio mdogo. Ikikwama, fungua, osha kwa petroli na kausha kwa kitambaa safi. Usitumie msasa hata kidogo, kwani nafasi kati ya pistoni na nyumba yake ni ndogo mno. Usibadilishane pistoni ya kabureta moja na ya nyingine, maana kila moja ilichongwa pamoja na nyumba yake. Kwa vumbi letu la Dodoma, hatua hii pekee hutibu magari mengi.

Baada ya hapo legeza kiungo kinachozifungua kabureta zote kwa pamoja, ili kila moja ijitegemee. Rudisha nyuma skrubu za mwendo mdogo mpaka ziguse tu, kisha zipe zote mizunguko sawa, mmoja na nusu kwa kuanzia. Washa injini. Chukua kipande cha mpira mwembamba, karibu nusu mita, weka ncha moja sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza. Utasikia hewa ikivutwa kwa mlio wa ssss. Hamia kwenye kabureta ya pili, mahali pale pale pa mdomo. Yenye mlio mkubwa imefunguka zaidi. Punguza hiyo, ongeza ile, mpaka sikio lishindwe kuzitofautisha. Vipo vifaa vya kupimia mvuto wa hewa, na mwenye navyo avitumie, lakini mpira na sikio lililotulia vinatosha.

Sasa ndipo unapogusa petroli. Chini ya kila kabureta kuna nati ya pembe sita. Ukiipandisha unapunguza petroli, ukiishusha unaiongeza. Inua pistoni ya kabureta moja kidogo sana, chini ya milimita 1, na usikilize. Mwendo wa injini ukipanda na kubaki juu, petroli imezidi. Injini ikitaka kuzimika, petroli ni ndogo. Ikipanda kidogo mara moja kisha ikatulia, umepata. Zungusha nati upande mmoja tu kwa kila jaribio, kisha sikiliza tena. Fanya hivyo kwa kabureta ya pili. Halafu rudi kwenye mpira, kwa sababu ukigusa petroli mwendo nao umebadilika. Watu wasio na subira huacha hapa, na wiki ijayo gari liko gerejini tena.

Ukimaliza, funga kiungo huku ukihakikisha kabureta zote mbili zinaanza kufunguka kwa wakati mmoja. Mwisho, fungua kifuniko kidogo juu ya kila kabureta na uangalie mafuta ya kutuliza pistoni. Yanatakiwa mafuta mepesi ya injini, kiasi kidogo. Mengi hukauka bila mwenye gari kujua, na gari huanza kusita kila linapokanyagwa ghafla. Mteja huambiwa kabureta imekufa, kumbe inadai mafuta ya kujaza kijiko.

Yako mambo mawili yanayowagharimu sana watu wa hapa. La kwanza ni mwinuko. Dodoma iko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban sehemu moja kati ya kumi. Gari lililorekebishwa Dar es Salaam likiletwa hapa linapata petroli ile ile kwa hewa pungufu. Plagi zitakuwa nyeusi zenye masizi, na petroli isiyoungua itaosha mafuta kwenye kuta za silinda na kuchanganyika na oili. Hasara hiyo ni kubwa kuliko bei ya petroli yenyewe. Plagi iliyo sawa huwa na rangi ya kahawia hafifu. Nyeupe nayo ni hatari, kwani injini inaungua kwa kukosa petroli.

La pili ni uchakavu wa kile chuma chembamba kinachozungusha mlango wa kabureta. Kabla hujamlipa fundi, kishike na ukitikise. Kikicheza, hewa inaingia pembeni na hakuna marekebisho yatakayodumu hata wiki. Hapo unahitaji fundi wa mashine ya kukereza akutengenezee bushi mpya, na ni afadhali fedha zako ziende huko kwanza.

Saa 1 na dakika 40

Pasaka ya 1965 Volvo ya akina Singh iliondoka Nairobi. Timu za viwanda zilikuwepo, zikiwa na magari mapya, mafundi wao na spea zao. Joginder alikuwa na gari ambalo wenye kiwanda walilikatia tamaa mwaka mmoja nyuma. Safari ilipanda kutoka pwani hadi nyanda za juu na kushuka tena, na kila baada ya saa chache injini ilibadilishiwa hewa, joto, vumbi na maji. Kabureta zisizopatana zingejulikana siku ya kwanza.

Alimaliza wa kwanza, na aliyemfuata alifika akiwa amepitwa kwa saa 1 na dakika 40.  Kenya ilikuwa bado haijatimiza miaka miwili ya uhuru, na kijana wa gereji aliyezaliwa Kericho alipokewa kama mtu wa nyumbani na Waafrika, Wahindi na Wazungu kwa pamoja. Volvo nayo ilipata kwa bure tangazo ambalo magari yake ya kiwanda yalishindwa kulileta.

Miaka iliyofuata alibadilisha magari mara kadhaa bila kushinda tena. Kipindi hicho soko la magari Afrika Mashariki lilikuwa linabadilika. Datsun ilishinda Safari mwaka 1970, 1971 na 1973, na wafanyabiashara na wakulima waliokuwa wakinunua Peugeot na Land Rover wakaanza kuyatazama magari ya Japani kwa jicho jingine. Safari ilikuwa gulio, ingawa iliitwa michezo.

Mwaka 1974 Joginder aliingia na Mitsubishi Lancer ya lita 1.6, gari dogo kutoka kiwanda ambacho wengi hapa hawakukijua. David Doig alikuwa msaidizi wake. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imetoka kupanda vibaya mwishoni mwa 1973, na magari yenye injini ndogo yalikuwa yanatafutwa. Mpinzani mkubwa alikuwa Björn Waldegård wa Sweden, akiendesha Porsche yenye silinda 6 na nguvu nyingi zaidi. Lancer ndogo ya kabureta 2 ilifika ya kwanza, Porsche ikafuata. Miaka miwili baadaye, mwaka 1976, Joginder na Doig walirudia kazi ile ile, na Lancer nyingine zikachukua nafasi ya pili na ya tatu. Tangu hapo Mitsubishi haikuhitaji kujieleza mbele ya mnunuzi wa Afrika Mashariki.

Wapo wanaosema ushindi wa 1974 ulikuwa mkubwa zaidi kwa sababu ya Porsche. Mimi nautanguliza ule wa 1965. Lancer ilikuwa na kiwanda nyuma yake. Volvo ilikuwa na gereji ya familia tu, na kila kilichofanya kazi ndani yake kilipitia mikononi mwa watu waliokwenda kukaa garini. Fundi anayejua kwamba yeye ndiye atakayekwama porini usiku hafungi nati kwa kubahatisha.

Joginder aliacha kushiriki Safari mwaka 1980. Baadaye aliishi Uingereza, na alifariki dunia mjini London Oktoba 20, 2013 akiwa na umri wa miaka 81. Wakati huo mitumba iliyokuwa ikishuka bandarini Dar es Salaam ilikuwa mingi ya magari yasiyo na kabureta kabisa, ambayo petroli yake hupimwa na kompyuta. Kati ya Safari 22 alizoanza, alifika mwisho mara 19.